Mlango wa Mbele Ufungukie Wapi? Mwongozo Kamili wa Kuamua Kabla Fremu Haijajengewa

Fundi akifika na fremu begani, swali huulizwa na kujibiwa kwa pumzi moja: "Unafungukia wapi?" Mwenye nyumba aliyetumia wiki tatu kuchagua rangi na kitasa hujibu lolote linalomjia mdomoni. Fremu inasimamishwa, saruji inakauka, na jibu lile la haraka linabaki na familia kwa miaka mingi.

Bibi yangu alivunjika mkono kwa sababu ya jibu la namna hiyo. Mlango wa nyumba tuliyokuwa tukiishi ulifungukia nje, juu ya kidato chembamba cha ngazi. Bibi alibisha, sisi watoto tukakimbilia kumfungulia kwa furaha, naye akarudi nyuma hatua moja kuupisha mlango. Nyuma yake hapakuwa na mahali pa kukanyaga. Tangu siku hiyo, nikifika kwenye nyumba inayojengwa siangalii kwanza mbao wala nakshi. Naangalia nani atakuwa amesimama wapi wakati mlango unapotembea.

Yapo maamuzi mawili hapa, na watu huyachanganya. La kwanza ni ndani au nje. La pili ni bawaba zikae kushoto au kulia. La kwanza linagusa usalama zaidi, la pili linagusa raha ya kila siku. Msimamo wangu nautoa mapema: kwa nyumba nyingi za familia, mlango wa mbele ufungukie ndani, na bawaba zikae upande wa ukuta ulio karibu. Lakini nyumba yako inaweza kuwa na sababu nzito ya kwenda kinyume, na hatua zifuatazo ndizo zitakazokuonyesha.

Hatua ya 1: Chora kwa chaki

Kata kamba yenye urefu sawa na upana wa mlango. Mtu mmoja ashikilie ncha moja mahali zitakapokaa bawaba, wewe ushike ncha ya pili pamoja na chaki, kisha uchore mpindo kuanzia mwimo wa pili hadi kamba ifanye pembe mraba na ukuta. Fanya hivyo ndani na nje, kwa bawaba za kushoto na za kulia. Utapata robo nne za duara. Mlango wa sentimita 90 hufagia karibu mita ya mraba 0.64 kila unapofunguka, na eneo hilo haliwezi kuwekwa kitu chochote cha kudumu.

Sasa tazama kila robo ina nini. Ndani: kuna ngazi ya kupanda juu, mlango wa chumba kingine, kabati la viatu, kona ya kochi? Nje: kuna nguzo, mtungi wa maua, mita ya umeme, njia ambayo wengine hupita? Usisahau wima wake. Sakafu ikipanda kidogo kuelekea ndani, mlango unaopita vizuri kizingitini utakwaruza ukifika katikati. Zulia nene nalo hufanya vivyo hivyo, na taa inayoning'inia chini ya kibaraza inaweza kugongwa na mlango mrefu unaofungukia nje.

Jambo moja ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa: mlango wa sentimita 90 haukupi njia ya sentimita 90. Ukifunguka pembe mraba tu, unene wa ubao wenyewe unabaki ndani ya nafasi ya kupita, na ukingo wa fremu nao unachukua chake. Kanuni za ujenzi wa nyumba za Marekani hutaka njia safi ya inchi 32, yaani sentimita 81 hivi, kwenye mlango mkuu wa kutokea. Kwa hiyo hakikisha robo yako ya duara ina nafasi ya kuzidi nyuzi 90. Mlango ukiweza kufika nyuzi 110 au zaidi, ubao hujitoa njiani, na siku ya kuingiza friji utashukuru.

Hatua ya 2: Simama nje kama mgeni

Hapa ndipo ninapotaka ukae kwa muda. Toka nje, funga macho, bisha. Mlango ukifungukia ndani, mgeni hana haja ya kusogea. Mlango ukifungukia nje, lazima arudi nyuma, na mara nyingi atarudi bila kutazama, akiwa na mtoto mgongoni au mzigo mkononi. Je, nyuma yake kuna sakafu?

Kanuni zilezile za Marekani zinaonyesha tofauti hii waziwazi. Kwa kawaida mlango wa kutokea nje ya nyumba huwa na jukwaa tambarare lenye kina kisichopungua inchi 36, yaani sentimita 91. Jukwaa hilo linaruhusiwa kushuka chini ya kizingiti hadi inchi 7¾, karibu sentimita 20, lakini kwa sharti kwamba mlango haupiti juu yake. Ukifungukia nje kupita juu ya jukwaa, ruhusa hiyo haipo, nalo lazima likaribiane na usawa wa kizingiti. Waliotunga kanuni hiyo walimwona mtu kama bibi yangu.

Mimi huona sentimita 91 ni kidogo kwa mlango wa kufungukia nje. Ubao wa 90 utafagia yote, na anayebisha atabaki hewani. Hesabu upana wa mlango, kisha ongeza sentimita 60 za mtu kusimama. Hesabu hiyo inakaribiana sana na kiwango cha Marekani cha majengo yanayofikiwa na watu wenye ulemavu, ambacho upande wa kuvutia mlango hutaka kina cha sentimita 152, na upande wa kusukumia sentimita 122. Kama mlango wako unatokea moja kwa moja kwenye ngazi, njia ya waendao kwa miguu au korido nyembamba ya ghorofa, na huwezi kupata nafasi hiyo, swali la ndani au nje limeshajibiwa: ndani.

Hatua ya 3: Uliza mvua, upepo na maji

Hali ya hewa ndiyo hoja kubwa ya wanaopenda mlango wa kufungukia nje, na wana haki. Upepo ukiusukuma mlango wa namna hiyo, unaukandamiza kwenye fremu na mpira wa kuziba unabanwa zaidi. Mlango wa kufungukia ndani hupata kinyume chake: upepo unausukuma utoke kwenye fremu, na kinachouzuia ni ulimi wa kitasa na bawaba tu. Ndiyo maana mvua ya upepo hupenyeza kwa urahisi zaidi chini ya mlango wa kufungukia ndani (tangu hapa nitauita kwa kifupi mlango wa ndani, na wa kufungukia nje mlango wa nje). Tena, ukifungua mlango uliolowa, wa nje hudondoshea maji nje, wa ndani huyadondoshea miguuni pako.

Dawa ya mlango wa ndani ipo. Kizingiti kiteremke kidogo kuelekea nje, chini ya ubao upigiliwe utepe wa kurushia maji mbali, na juu pawe na kipaa kinachotoka vya kutosha. Mlango wenye kibaraza chenye paa hauna sababu ya kuogopa mvua, hata ukifungukia ndani.

Mlango wa nje nao una udhaifu wake. Ukiwa wazi, ni tanga la mashua. Upepo mkali unaweza kuubamiza ukutani hadi skrubu za bawaba zing'oke. Weka kamba ngumu, mnyororo mfupi au kizuio chenye springi cha kuudhibiti. Bawaba zake ziwe za chuma kisichoshika kutu, maana zinanyeshewa, na ukingo wa juu wa ubao ufunikwe, kwa sababu maji huingia kwenye mbao kwa urahisi kupitia huko.

Kama unaishi mahali panapofurika, fanya hesabu hii. Maji ya kina cha nusu mita nje ya mlango wa sentimita 90 yanausukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 110 hivi. Hata ukisukuma penye kitasa, mbali kabisa na bawaba, bado unahitaji karibu nusu ya nguvu hiyo, na kina kikiongezeka mara mbili nguvu inaongezeka mara nne. Mlango wa kufungukia nje utakufungia ndani. Theluji iliyorundikana, tope au tawi lililoanguka kibarazani hufanya hivyohivyo. Wa kufungukia ndani utaingiza maji, lakini utakutoa.

Hatua ya 4: Mwizi

Watu huanza na hili, nami nimeliweka hapa makusudi, kwa sababu pande zote mbili zinaweza kufanywa imara na wizi usiwe ndio unaoamua.

Mlango wa ndani huficha bawaba, ila teke likipigwa, nguvu yote inatua kwenye bamba dogo la fremu linalopokea ulimi wa kitasa. Mara nyingi bamba hilo limeshikwa na skrubu fupi zinazouma sentimita moja au mbili za mbao. Weka bamba refu lenye skrubu za milimita 75 zinazovuka fremu hadi kwenye ukuta au nguzo iliyo nyuma yake. Ni kazi ndogo kwa faida kubwa. Mlango wa ndani pia unakupa mguu: mtu akisukuma kwa nguvu wakati umefungua nusu, unaweza kuuegemea na kuurudisha. Mlango wa nje, anauvuta, nawe huna pa kuushikia ila kitasa.

Mlango wa nje hupokea teke kwa fremu nzima, na hapo ni imara zaidi. Tatizo ni pini za bawaba kuwa nje. Agiza bawaba ambazo pini yake haitoki mlango ukiwa umefungwa, au weka meno ya chuma upande wa bawaba, yanayoingia kwenye matundu ya fremu kila mlango unapofungwa. Hapo hata pini ikitolewa, ubao haung'oki. Ongeza bamba la kufunika mwanya wa kitasa ili bisibisi isipenyezwe.

Hatua ya 5: Je, kuna mlango wa pili?

Grili ya chuma, mlango wa wavu wa mbu, au vyote viwili. Milango miwili katika uwazi mmoja haiwezi kufungukia upande mmoja bila kugongana vitasa, isipokuwa ukuta uwe mnene sana. Mpangilio ninaoupenda ni huu: grili ifungukie nje, mlango wa mbao ufungukie ndani. Unafungua mlango wa mbao, unazungumza na aliyebisha huku grili ikiwa bado imefungwa, na mchana unapata hewa bila kuiacha nyumba wazi. Ukigeuza, mlango wa mbao ukafungukia nje na grili ikakaa ndani, faida hiyo ya kuzungumza kwa usalama inapungua, kwa kuwa lazima usukume ubao kumwelekea mtu usiyemjua.

Kumbuka kwamba grili nayo ni mlango. Robo yake ya duara ipite katika hatua ya 2 kama mwenzake. Pima pia umbali kati ya ubao na grili, ili vitasa viwili visikutane. Bawaba za milango yote miwili zikae upande mmoja, la sivyo kila anayepita atalazimika kucheza kati ya mbao na chuma.

Hatua ya 6: Moto, na hadithi za majumba makubwa

Utasikia mtu akisema kwamba mlango wa kutokea lazima ufungukie nje kwa sababu ya moto. Maneno hayo yana asili ya kweli na ya huzuni. Mwaka 1883 huko Sunderland, Uingereza, watoto 183 walikufa katika ukumbi wa Victoria Hall walipokimbilia chini ya ngazi wakakuta mlango umefungwa kwa komeo, ukiwa umebakiza upenyo wa kupita mtoto mmoja tu. Tarehe 30 Desemba 1903, zaidi ya watu 600 walikufa katika moto wa Iroquois Theatre, Chicago, na miongoni mwa kasoro zilizoonekana ni milango iliyofungwa na ile iliyofungukia ndani. Umati ukiubana mlango wa kufungukia ndani, hakuna awezaye kuuvuta.

Lakini hatari hiyo hutokana na umati. Kanuni za kimataifa za majengo zinazotumika sana Marekani huulazimisha mlango ufuate mwelekeo wa kutokea pale unapohudumia watu 50 au zaidi. Nyumba ya familia haina msongamano huo. Kama nyumbani kwako ni pia shule ya watoto wadogo au mahali pa mikutano, fuata kanuni za majumba. Kama sivyo, jambo linalookoa zaidi ni mlango kufunguka kutoka ndani bila kutafuta ufunguo, usiku, gizani, kwenye moshi. Kitasa kiwe cha kuzungusha kwa mkono upande wa ndani. Ukikagua jambo moja tu leo katika nyumba unayoishi tayari, kagua hilo.

Mlango uliokwama nao haukutoi, na mbao huvimba wakati wa mvua. Acha mwanya wa milimita 3 hivi kuzunguka ubao, na upake rangi au vanishi pande zote sita, pamoja na za juu na chini zisizoonekana.

Hatua ya 7: Bawaba kushoto au kulia

Rudi kwenye michoro ya chaki. Kama mlango uko karibu na kona ya chumba, bawaba ziende upande wa kona. Ubao utalala ukutani, anayeingia atakutana na chumba, na upande wa kitasa utakuwa na nafasi. Nafasi hiyo ya kando ya kitasa ina thamani kuliko inavyodhaniwa. Mtu kwenye kiti cha magurudumu anayevuta mlango anahitaji kukaa pembeni ya ubao ili usimgonge magotini; kiwango cha Marekani kinampa sentimita 46 kando ya kitasa, na mwongozo wa Uingereza sentimita 30. Mama mwenye mtoto mkononi na mzee mwenye fimbo wananufaika na nafasi hiyohiyo. Kitasa kilichobanwa konani kinawasumbua wote.

Ipo sababu moja ya kukataa kanuni hiyo, nayo ni faragha. Mlango ukifungukia kuelekea katikati ya chumba, ubao wenyewe unakuwa kama pazia: ukiufungua nusu, aliye nje haoni meza ya chakula wala watu walioketi. Kama sebule yako inaonekana yote kutoka kizingitini na jambo hilo linakukera, hamishia bawaba upande wa pili, lakini ujue unabadilishana nafasi kwa sitara.

Kisha angalia njia ya kufikia mlango. Watu wakija kutoka kushoto wakiambaa na ukuta, mlango wa kufungukia nje wenye bawaba kushoto utawafungukia usoni na kuwalazimisha kuuzunguka. Kitasa kiwe upande wanakotokea. Hapo ndipo upepo unapoweza kukubishia. Kwa mlango wa nje, bawaba hutakiwa upande unakotoka upepo mkali wa kawaida, kama milango ya mbele ya gari yenye bawaba mbele: upepo ukiupiga mlango ulio wazi, unausukuma kujifunga. Ukiziweka upande wa pili, upepo unaingia nyuma ya ubao na kuung'oa. Upepo na njia vikikinzana, mimi hufuata upepo, kwa sababu njia ya kutembea inaweza kusogezwa.

Swichi ya taa ya ndani iwekwe upande wa kitasa, ndani kidogo tu ya fremu. Amua hili kabla fundi umeme hajapitisha mabomba ya nyaya. Swichi iliyofichwa nyuma ya mlango ulio wazi ni kero ya kila usiku. Kuhusu mkono wa kulia au wa kushoto wa mtumiaji, usijisumbue sana. Watu huzoea ndani ya siku chache.

Hatua ya 8: Andika agizo lisilo na utata

Usiseme "mlango wa kushoto" ukaishia hapo. Kwa desturi ya Marekani, husimama nje: bawaba zikiwa kushoto kwako na mlango ukisukumwa kwenda ndani, huo ni wa kushoto. Kwa kiwango cha Ujerumani cha DIN, husimama upande ambao mlango unafunguka kukujia, hivyo mlango uleule unatazamwa ukiwa ndani, bawaba zinaonekana kulia, na unaitwa wa kulia. Mlango mmoja, majina mawili yanayopingana, na kitasa kinaweza kuletwa cha upande usiofaa.

Kwa hiyo chora. Mistari miwili ya ukuta ukitazama kutoka juu, uwazi katikati, ubao ukiwa wazi, mpindo wa safari yake, nukta penye bawaba, na maneno NDANI na NJE kila moja mahali pake. Mpe nakala fundi seremala, fundi wa grili na anayeleta kitasa. Andika pia unene wa ubao na kipimo cha uwazi ukutani.

Hatua ya 9: Siku ya kusimamisha fremu

Fremu ina ukingo ambao ubao huegemea unapofungwa, na ukingo huo ndio unaoamua mlango unaenda wapi. Mlango wa ndani, ukingo hukaa upande wa nje. Mlango wa nje, hukaa upande wa ndani. Utazame kwa macho yako kabla saruji haijamwagwa, kwa kuwa kuhamisha bawaba kushoto kwenda kulia baadaye ni kazi ya patasi na viraka, ilhali kugeuza ndani kuwa nje mara nyingi ni kuing'oa fremu yote. Timazi na pimamaji vitumike kwenye miimo yote miwili. Fremu iliyoinama kidogo hutoa mlango unaojifungua wenyewe, na mlango mzito ushikwe na bawaba tatu.

Fremu ikiwa bado imeshikiliwa kwa vipande vya mbao, fanya jaribio la mwisho. Chukua boksi bapa la karatasi ngumu lenye upana wa mlango, lishikilie kama ubao. Mtu mmoja awe nje amebeba ndoo mikono yote miwili, mwingine awe ndani na mtoto kiunoni. Bisheni, fungueni, piteni, fungeni. Rudieni mkibadilishana nafasi. Yeyote akilazimika kurudi nyuma bila kuona anapokanyaga, mwambie fundi asubiri, mrudi kwenye mchoro.